Jiwe la Kilo kwenye Triga

Hasira hii ni ya zamani, na sijaichoka.

Wakati ule nilikuwa karani wa chapa katika shirika la umma Mtaa wa Msimbazi, na jioni nilikuwa mgambo. Siku moja mkufunzi alinipa bastola kwa mzaha ili wanaume wacheke. Risasi zangu zote zikaingia kwenye duara jeusi, na mzaha ukaishia hapo. Nikatiwa kwenye timu ya shabaha pamoja na mama mmoja wa Lindi, muuza vitambaa katika duka la ushirika Kariakoo. Bastola za mashindano zilikuwa chache, basi sisi wawili tukapewa moja, tupokezane.

Silaha haikutoka ghalani, kwa hiyo nyumbani nilijizoeza kwa pasi ya mkaa. Nanyoosha mkono uani, naishikilia hewani mpaka bega linawaka moto.

"Unamnyooshea nani nguo huko hewani?" wapangaji wenzangu waliniuliza, wakicheka.

Siku ya mashindano, kabla ya kulenga, kila bastola ilipimwa triga. Triga ikiwa laini mno, mtu anaigusa tu risasi inatoka, wala mkono hauyumbi. Huo ni wizi. Basi sheria ilitaka triga ibebe kilo moja bila kufyatuka. Bastola tupu inaelekezwa mtutu juu, jiwe la chuma la kilo moja linatundikwa kwenye triga, kisha bastola inanyanyuliwa taratibu mpaka jiwe liachane na meza. Bastola ikifyatuka, unajaribu tena, hadi mara tatu. Yetu ilipita mara ya kwanza. Aliyepima alikuwa katibu wa mashindano, na timu yake mwenyewe ilikuwa ikishindana nasi.

Nililenga vizuri siku ile. Sitajifanya mnyenyekevu: nililenga kuliko wote, na aliyenifuata alikuwa mtu wa katibu. Kabla matokeo hayajasomwa, nikaitwa mezani.

"Tunaipima tena," katibu alisema.

"Ya kwangu peke yake?"

Alitundika jiwe, kisha akaikwapua bastola juu kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Jiwe likaruka, bastola ikalia tak.

"Imefyatuka. Umeondolewa."

"Ndugu, umeikwapua! Inyanyue taratibu kama ulivyofanya asubuhi. Na bado nina mara mbili."

"Dada, unanifundisha kazi?"

Mwenzangu wa Lindi alikuwa mtu mpole, hata wateja wakorofi dukani hakuwapandishia sauti. Lakini alisogea, akachukua ile bastola mezani, akatundika jiwe, akanyanyua polepole mbele ya watu wote. Jiwe likaning'inia. Alilishikilia pale, mkono umenyooka, huku akimtazama katibu usoni.

"Haya," alisema, "imefyatuka?"

Walikuwapo wakubwa, walikuwapo waliotufundisha wenyewe kunyanyua lile jiwe. Hakuna aliyefungua mdomo. Katibu akasema vipimo vimekwisha, na medali akavishwa mtu wake. Yule mtu aliipokea huku akiangalia chini, lakini aliipokea.

Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi ya tawi la chama. Mzee mmoja aliniambia, "Ndugu, nchi ina mambo makubwa, wewe unaleta habari ya triga?" Nikamwambia kwamba usawa tunaoimba kila asubuhi ndio huo huo ninaoudai. Akanionyesha mlango.

Kisha wakatukomoa. Fundi wa silaha aliamriwa kukaza springi ya bastola yetu, "isilete maneno tena." Aliikaza hata kidole kilikuwa kinaumia kabla risasi haijatoka, na kila nikivuta, mtutu unainama. Mwenzangu alijaribu mazoezi mawili matatu, akaacha. "Mwanangu, sikuja kunyanyaswa na chuma," aliniambia, akarudi kwenye vitambaa vyake. Mimi nilikaza meno msimu mzima, nikawa mtu wa katikati kwenye matokeo, kisha nikaacha nami.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa kwenye foleni ya sukari Kariakoo, nikamwona katibu akitokea mlango wa nyuma wa duka, kifurushi kwapani. Akanitambua, akatabasamu kana kwamba tulikuwa marafiki.

"Dada, bado unalenga?"

"Mlinifukuza kwa uongo," nilisema, kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Uliikwapua ile bastola kwa makusudi."

"Mambo ya zamani hayo, dada."

"Kwako."

Watu wakageuka kututazama. Alikumbatia kifurushi chake, akaondoka haraka kuelekea Mchikichini. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kulikoni, nami nikamweleza yote, tangu mwanzo, mpaka sukari ikaisha kabla hatujafika dirishani.