Sayari Zisizo na Jua, na Mujomba wa Kuazima

Nilisoma mpaka darasa la ine tu, na bado katika mtaa wetu wote wa Mikelenge huezeki nyumba bila kupita kwangu. Bati njo langu, misumari njo yangu. Nilianza na kinga moja, baiskeli isiyo na breki wala pedali, ya kusukuma tu. Wakati wa vita treni ilinyamaza, barabara ikamezwa na majani, na sisi wasukumaji njo tuliolisha mji wetu wa Kindu kwa mchele wa Kibombo, chumvi na mawese. Ninajisifu mbele ili mujue ni muntu wa namna gani aliyeaibika.

Katika vita hiyo ukoo wangu ulitawanyika msituni. Wengine sikuwaona mpaka bunduki ziliponyamaza. Nilipotaka kuoa sikuwa na muzee hata mumoja wa kunisindikiza. Nikamuchukua musukumaji mwenzangu, muntu wa Obokote, nikamuvalisha koti la kuazima na kumwambia leo yeye ni mujomba wangu, ndugu ya mama yangu. Njiani nilimufundisha uongo wote. Baba mukwe alipofariki, nikaanza kuisimulia hadithi hiyo kwenye kila karamu: jinsi mujomba wangu alivyosema maneno matamu hata muzee akafuta machozi kwa kitambaa. Watu walicheka na kushika mbavu. Mashemeji zangu tu walitazama ndani ya glasi zao. Nilidhani ni wivu.

Sasa, juzi juzi, redio ya dukani ilitoa kipindi juu ya sayari. Mtangazaji alisema dunia yetu inazunguka jua kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti, lakini huko mbali iko sayari zisizo na jua. Zilizaliwa pamoja na wenzao, kisha sayari kubwa zikasukumana na nyingine zikatupwa nje. Tangu hapo zinaelea gizani, hazina mchana, hazina hata mwaka, kwa sababu hazizunguki kitu. Hapo akaingia muteja wa saruji, nikazima. Lakini habari hiyo ilinipendeza kupita kiasi. Kila aliyenunua bati aliisikia, na mwisho niliongeza langu: muntu bila ukoo njo hivyo, na jua la nyumba hii ni mimi.

Ndipo binti yangu wa kwanza alipoposwa. Kijana ni mufunga kamba wa kivuko, kile kinachotuvusha kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto. Vita ilimuacha njiani hajajua kutembea. Mama mumoja muuza mawese alimuokota akamulea, naye amekwisha kufa. Alikuja na mbuzi, kitenge cha mama, na wanaume wawili wa kivukoni. Mumoja wao, fundi wa injini, alijitaja kuwa mujomba.

Kwetu, kabla ya chupa ya kukubaliana kufunguliwa, baba wa binti anamuuliza mujomba wa kijana: mama ya mama yake ni nani, na wa wapi? Niliuliza. Fundi akakohoa, akataja jina, akalibadilisha, akamutazama kijana.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilisimama, nikawapa wageni kipindi chote cha redio, na mwisho nikamuelekea kijana.

"Wewe njo sayari ile. Umekuja na wajomba wa kuazima. Binti yangu sitamutupa gizani."

Ndugu zangu walicheka, maana bia ilikuwa yangu. Kijana aliinuka, akasema, "Asante baba kwa kutupokea." Wakaondoka. Mbuzi akakataa. Walimuvuta kiwanja kizima, kwato zikichora udongo, na sisi tukiwatazama mpaka mulangoni.

Bibi yangu, mama ya binti, alikuwa jikoni, anafunika sombe ya majani ya muhogo ambayo hakuna aliyeila. Nikaanza kumueleza kwamba mimi nilidanganya kwa akili, lakini hawa wa leo hawajui hata kudanganya.

"Baba alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Wewe ulikuwa umemuambia mama yako ni wa Lubutu. Mujomba wako akasema ni wa Kibombo. Mama alitaka kuwafukuza. Baba akamuambia, muntu aliyesukuma kinga tangu Obokote, akamusindikiza mwenzake kuposa, njo mujomba huyo. Mumuache aseme uongo wake mpaka mwisho."

Nikamuuliza, basi yale machozi?

"Alikuwa anazuia kicheko. Akatukataza sote kukuambia. Alisema itakuvunja."

Nilikaa juu ya kinu. Karamu zote zilinirudia moja moja, na zile glasi za mashemeji. Wao walijua, wakanitunzia siri, na mimi nilikuwa nimesimama kati yao nikijisifu. Binti yangu alipita na ndoo, hakunitazama. Alisema redio yeye pia aliisikia, hata sehemu niliyoizima: wataalamu wanadhani nyingine zinabaki na joto lao ndani, na nyingine huonekana zinakwenda mbili mbili.

Asubuhi nilishuka mutoni na shati la kazi. Nilipanda kivuko kama abiria, sina lolote la kufanya Alunguli. Kijana alinisalimu mbele ya watu wote, "Jambo baba," na salamu hiyo ilinichoma kuliko tusi. Katikati ya maji nikamuomba warudi, na yule mujomba awe yeye yule.

Alizungusha kamba mukononi. "Baba utamuuliza tena mama ya mama yangu?"

"Nitamuuliza. Mara hii mumufundishe vizuri."

Walirudi na mbuzi yule yule. Ndugu zangu walikaa tayari kucheka, macho kwangu. Nikauliza. Fundi wa injini akataja jina bila kukohoa, na kijiji juu yake. Sijawahi kusikia jina hilo, na kijiji hicho sidhani kama kiko. Nilijua bibi yangu ananitazama kutoka jikoni.

"Ninawajua," nikasema. "Ni watu wazuri."

Nikaomba chupa ifunguliwe.