Sufuria Yangu, Picha ya Zaina

Enzi zetu, nyinyi mulioota mvi pamoja na mi hapa Gisenyi, kupigwa picha ilikuwa kazi ya kuvaa. Mutu alioga, akapakwa mafuta mpaka uso ung'ae, akasimama wima kama muti wa bendera. Wazazi walisema picha haiendewi na masizi.

Asubuhi ile tulikuwa kando ya ziwa, mi na Zaina, binti ya mama mukubwa, tumepiga magoti tunasugua sufuria. Muchanga mweusi wa pale unakula masizi kuliko sabuni. Vijana wa leo wakiguswa na jivu kidogo tu wanalilia kucha zao. Bon, nisipotee. Zaina alikuwa muvivu, Mungu anajua. Sufuria ya wali niliisugua mi mwenyewe mpaka nikajiona ndani yake.

Akaja Muzungu na kamera imening'inia tumboni. Aliinama kuitazama, ungedhani anatafuta kitovu chake. Tukacheka. Akatuonyesha kwa mukono kwamba anataka kutupiga picha. Mi niliyefundishwa vizuri nikamuachia Zaina sufuria, nikakimbia nyumbani kuvaa gauni la Idi. Mama akanichana haraka haraka, akisema, "Simama sawasawa, wasiseme huna kwenu."

Niliporudi, Muzungu alishapanda voiture yake akaondoka. Zaina iko palepale, masizi shavuni.

"Amesema nini?"

"Mi najua Kifaransa? Na we, umevaa hivyo, unaenda kuolewa?"

Juzi, uzee huu, wajukuu wakatupeleka sisi wawili kwenye maonyesho ya picha za yule Muzungu, si mbali na Grande Barrière, pale mupakani. Picha moja imejaza ukuta: Zaina, na sufuria yangu inang'aa kifuani kwake. Kulikuwa na filamu pia. Muzungu, alipokuwa amezeeka, anahojiwa, anasema hakupenda watu waliojipanga, alitaka mutu akiwa kazini. Eti mikono ya yule mutoto ilijua kazi. Watu wakaguna kwa heshima. Mi pia niliguna, lakini guno langu lilikuwa lingine.

Picha ni nzuri, siwezi kukataa. Ziwa limetulia nyuma kama shuka iliyonyooshwa, na jua limekaa juu ya sufuria tu. Ningeipenda sana kama ingekuwa ya mutu mwingine.

"Ile sufuria nilisugua mi," nikamwambia Zaina.

"Yewe, dada. We ulienda kuvaa, mi nikaenda Ulaya."

Leo wajukuu wananipiga picha kwa simu nikila, nikisinzia, nikikohoa, na jioni wanazifuta ili simu ipate nafasi. Enzi zetu ilipigwa moja, basi, kamera ikafungwa. Ile ya ukutani niliisogelea mpaka mulinzi akakohoa. Kando ya Zaina kuna muchanga mutupu wenye vishimo viwili. Ni magoti yangu. Nikawaonyesha wajukuu kwa kidole, wakasema, "Bibi, pale hakuna kitu."