Mama Simu na Kitufe Kinachowakimbia Wagonjwa

Mezani kulikuwa na simu tisa, zote zinawaka. Mama Simu, jina alilobandikwa na majirani, alizigusa moja baada ya nyingine akifungua ukurasa uleule: tovuti ya zahanati, wanakoombea miadi wajawazito na wagonjwa wengine. Kila kioo kilikuwa na kitufe cha kijani cha kuombea miadi, mahali pake.

"Kipo, kipo, kipo," alinong'ona. "Sasa kwa wagonjwa kinakwenda wapi?"

Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Kwenye kompyuta, anasema, ni mteremko. Kasheshe iko kwenye simu. Kila simu ina kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia tovuti, na kila kivinjari kina vituko vyake.

"Ni kumshonea nguo mtu usiyemwona. Unakata kwa kubahatisha, yeye analalamika kwapa linabana."

Safari hii malalamiko yalikuwa mazito. Wajawazito kadhaa walifika bila miadi wakarudishwa, mmoja wao amevimba miguu. Muuguzi mkuu, aliyempa kazi hiyo, hakumung'unya maneno.

"Kwangu kinaonekana, kwako kinaonekana, kwa wagonjwa hakionekani. Binti, unatuficha nini?"

Mama Simu naye akaanza kushuku. Alimshuku fundi aliyemtangulia, labda anaingia kwa siri kuharibu. Akabadilisha nywila zote, wapi! Akawashuku hata wagonjwa, huenda wanaisingizia tovuti.

Kuazima simu za watu ajaribie nako ni shughuli. "Ukimwomba mtu simu yake, anakutazama kama umemwomba mume."

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Mama mkwe, anayeishi nao, alipoziona zile simu alimwita mwanawe pembeni: "Mke mwenye simu tisa ana wangapi?" Mume alicheka, lakini tangu hapo akawa anachungulia, ingawa simu zenyewe hazina hata laini.

Kisha wiki iliyopita mkwe akataka miadi ya kupima presha. Akafungua tovuti kwenye simu yake, akaguna.

"Mbona hapa hakuna pa kubonyeza?"

Mama Simu akaruka kama aliyekanyaga moto. "Mama, nipe niione!"

"Huigusi. Nashika mwenyewe, wewe tazama."

Akatazama. Mkwe, kwa kuwa haoni vizuri, alikuwa amekuza maandishi ya simu yake. Maneno yakajaza ukurasa, kitufe kikasukumwa chini, kikafunikwa na mstari wa kivinjari chenyewe.

"Simu zangu zote zilikuwa na maandishi madogo," anasema. "Nilikuwa najaribu kwa macho yangu, si yao."

Alirekebisha siku hiyohiyo. Muuguzi hakukubali mpaka alipowaita wale wajawazito wajaribu mbele yake. Mwenye miguu iliyovimba alibonyeza, akapata nafasi ya kesho yake, na sasa yuko chini ya uangalizi wa daktari.

Mume amemwomba radhi. Mkwe bado anageuza simu kifudifudi mkamwana akipita.

Sasa Mama Simu anataka kukaa ukumbi wa kusubiria wagonjwa, awatazame wakifungua tovuti kwa simu zao wenyewe, aone kinachokwama kabla mtu hajarudishwa getini. Muuguzi ameridhia, kwa sharti kwamba mlinzi akae karibu naye, wagonjwa wasije wakahofia simu zao.

"Akae," anasema akicheka. "Na simu yake aje nayo."