Nje Kukavu, Ndani Kunanyesha: Bati Lililomchanganya Felista wa Ibighi

Felista Ambindwile anafungua mlango wa uani, anatoa mkono nje, kiganja juu, anangoja kidogo. Mkono unarudi mkavu. Ukungu umeifunika Ibighi yote na baridi ya Julai inauma masikio, lakini mvua hakuna. Anarudi jikoni, na kabla hajainama kuchochea moto tone linamwangukia shingoni.

"Umeona?" anamwuliza mwandishi, akijifuta kwa pindo la khanga. "Nje hakuna, ndani ipo. Sasa wewe unayezunguka mikoani niambie, umeshaona wapi mvua ya namna hii?"

Mwandishi hajaona. Anasogeza kiti, na tone jingine linamfuata hukohuko.

Felista ni mama ntilie. Alfajiri huchemsha sufuria kubwa la magimbi, limefunikwa kwa majani ya mgomba, na jingine la maharage, kisha anajitwisha hadi mahali wachumaji wa chai wanaposubiri lori. Kinachobaki anakimalizia sokoni Tukuyu mjini. Jiko lake ni chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo anayolala. Kuta za ndani hazikufika juu na dari hakuna, hivyo anayelala sebuleni na anayepika jikoni wako chini ya bati moja.

Asubuhi hii mabeseni yametandazwa sakafuni. Kuna sufuria chini ya kenchi ya paa, kuna kopo la rangi karibu na kabati. Binti yake, Tulia, wa darasa la pili, bado amelala kitandani chini ya naironi, kama mche wa nyanya kitaluni.

"Huyu keshazoea," anasema mama yake. "Mimi ndiye sijazoea. Nimejenga nyumba nitoke kwenye mvua, mvua nayo imehamia pamoja nasi."

Kuielewa hasira ya Felista lazima ujue bati ni nini kwa mtu wa Rungwe. Miaka michache iliyopita tu lilikuwa kitu cha kibali na cha kujuana na mkubwa. Ulikuwa unaandika barua, unangoja, unasahau, na siku jina lako likitoka unaambiwa mabati yamekwisha. Sasa, mwaka huu wa 1993, maduka ya Tukuyu yamejaa mabati, rangi, vitasa na misumari ya kila namna. Mwenye nacho anachukua, asiyekuwa nacho anaangalia dirishani. Nyumba za nyasi zinang'olewa kila upande, na anayeendelea kuishi kwenye nyasi anaonekana kama mtu aliyesahauliwa.

Felista na mumewe, Erasto, kibarua wa shamba la chai, walijibana hadi wakaezeka mwaka jana. Si kwa fahari, anasisitiza Felista. Ni kwa ajili ya mama yake.

Mama huyo, Tupokigwe, anaishi peke yake Kinyala, kwenye nyumba ya mianzi na nyasi aliyoingia siku alipoolewa. Mvua za mwaka jana ziliilaza upande mmoja. Nguzo za nyuma zimeoza chini, na ukuta umeegemea mgomba ambao nao umechoka. Felista ndiye mtoto pekee aliye karibu.

"Mvua kubwa zikianza, ile nyumba haitasimama," anasema, na sauti inashuka. "Kila usiku upepo ukivuma mimi nipo Ibighi lakini roho iko Kinyala. Naogopa nitaitwa nikamfukue mama yangu."

Basi alimleta. Bibi alikuja mwanzoni mwa Juni na kikapu chake na kuku wake mmoja, akaonyeshwa kitanda, akakisifu. "Ndaga fijo, mwanangu," alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa chake. Akalala. Alfajiri Felista alipowasha moto na kuteleka magimbi, matone yakaanza. Moja likamwangukia bibi usoni, jeusi kwa masizi.

Bibi aliamka, akatoka nje kwa mkongojo, akaangalia mbingu. Nyota zilikuwa zinawaka. Akarudi ndani, akaangalia bati. Alikunja shuka, akamshika kuku wake, akakaa kando ya kikapu akingoja jua.

"Gwe Felista," alisema alipoulizwa, "nyumba yangu ikivuja najua mvua imenyesha. Hii yako inanyesha yenyewe. Mimi nyumba nisiyoijua akili yake silali tena."

Akaondoka, akaapa kwamba harudi mpaka bati linyamaze. Felista anakiri kwamba alilia njia nzima akimsindikiza, na kwamba hakujua alikuwa anamlilia mama au anaililia nyumba.

Tangu hapo ni matengenezo juu ya matengenezo. Aliitwa fundi Abdala, mwezekaji anayeheshimika Ibighi, mtu mpole anayepanda juu ya bati kama anapanda ngazi ya msikiti. Abdala alikagua kila msumari, akakagua kofia ya bati pale kileleni, akashuka akikuna kichwa.

"Mama Tulia, tundu silioni," alisema.

"Angalia tena, Fundi. Maji hayapiti ukutani."

Wakakubaliana wafanye jaribio. Mchana wa jua kali Abdala alisimama juu, Erasto akawa anampandishia maji kwa ndoo, na Felista akakaa ndani na macho yake juu. Fundi akamwaga ndoo ya kwanza. Kimya. Akamwaga nyingine, na nyingine, maji yakashuka kwa kishindo hadi uani, kuku wakatawanyika, majirani wakatoka kuona kuna nini.

"Inavuja?" Abdala aliita kutoka juu.

"Haivuji!" Felista aliitikia.

"Hata tone?"

"Hata tone! Sasa hiyo ndiyo nini, Fundi?"

Fundi alifungua kopo lake la lami. Alipaka lami kwenye kila kichwa cha msumari, kwa sababu fundi aliyeitwa hawezi kushuka bila kufanya kitu, akakataa malipo ya zaidi ya lami. Kesho yake alfajiri bati likadondosha matone kama kawaida.

Erasto akaja na wazo lake. Kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi wa kupita mkono, na wakati wa baridi ukungu uliingia humo mpaka ukaonekana unatembea sebuleni. Mwishoni mwa Mei alikuwa ameanza kupaziba kwa udongo. Sasa akasema ni ukungu ndio unaogeuka maji, akaziba kote kwa saruji. Alikandika hadi kwenye pembe. Dirisha la jikoni, ambalo halikuwa na kioo, akalipigilia mbao.

"Siku ile nyumba ilikuwa ya joto, tukafurahi," anakumbuka Erasto, mtu wa maneno machache. "Asubuhi ikanyesha kuliko siku zote."

Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja alidai haya ni mabati ya ruksa, ya siku hizi za biashara huria, mepesi, yanatoka jasho kwa aibu. Mwingine akamshauri aangalie nani alimwonea kijicho siku ya kuezeka. Atuganile, anayeuza ndizi meza moja na Felista sokoni, alimwambia waziwazi amwite mchungaji aje aiombee nyumba. Mchungaji alikuja, akaomba vizuri, na tone likaangukia Biblia.

Hivyo ndivyo gazeti hili lilivyomwacha Felista mwezi Julai: ana nyumba mpya, ana mabeseni, na mama hana. Kinyala ule mgomba uliokuwa unashikilia ukuta ulikuwa umeinama zaidi.

Gazeti hili lilirudi Ibighi Septemba. Mabeseni yalikuwa yameegeshwa uani, makavu. Felista alimpokea mwandishi kwa kicheko cha mtu asiyejua kama acheke.

Kilichotokea ni msiba. Shangazi yake alifariki Nkunga mwezi Agosti, na kwa desturi ya huku huendi msibani ukapeana mikono ukarudi. Wanawake wa ukoo wanahamia. Wanalala kwenye majani ya mgomba, wanapikia watu, na nyumbani moto unazimwa. Felista alikaa hukohuko mpaka watu walipotawanyika. Erasto na Tulia walikula kwa jirani.

Aliporudi alimkuta mumewe ameketi sebuleni, anaangalia juu.

"Tangu uondoke," Erasto alisema polepole, "halijadondosha hata tone."

Felista alifurahi, kisha furaha ikamkauka. Kama nyumba ilinyamaza alipoondoka, basi tatizo ni nani? Habari ilikwishafika kisimani kabla yake. Asubuhi hiyo wanawake walimpisha njia kwa adabu iliyozidi.

"Hapo ndipo niliumia," anasema. "Nikajiuliza kama mchawi ni mimi na sijijui. Usicheke, mwandishi. Mtu akichanganyikiwa vya kutosha anaweza kujishuku hata yeye mwenyewe."

Alfajiri iliyofuata aliwasha moto. Akateleka magimbi, akafunika kwa majani ya mgomba, akaketi kwenye kigoda na kuinua uso, maana alitaka kuuona uchawi wake ukitoka. Mvuke ulipanda. Ulifika kwenye bati, ukatanda, ukawa ukungu mwembamba. Ukungu ukawa shanga. Shanga zikafuatana, zikateleza kwenye mteremko wa bati kuelekea sebuleni, na juu ya kitanda cha Tulia zikaanza kuanguka.

Felista aliinua jani juu ya sufuria, akaligeuza. Upande wa ndani ulikuwa unachuruzika maji vilevile.

"Nilipiga kelele Erasto akaja mbio, akadhani nimeungua. Nikamwambia, baba Tulia, mvua naipika mimi! Naipika mimi mwenyewe, kila siku!"

Hapo ndipo mambo yakaanza kupangika, ingawa si yote. Masika nyumba haikunyesha kwa sababu uwazi ulikuwa bado haujazibwa na mvuke ulikuwa na pa kutokea. Kipupwe kilipokuja bati likawa la baridi, na wao wakaziba. Kila walipotengeneza waliharibu. Kwa mama yake wamepika katikati ya nyumba miaka yote na mahindi ya mbegu yakakauka juu ya moto, kwa sababu moshi na mvuke vilijipenyeza kwenye nyasi. Felista alihamia kwenye bati akaendelea kuishi kama aliye chini ya nyasi, na huko Ibighi si yeye tu. Tangu habari ienee, nyumba kadhaa zimekiri kwa sauti ya chini kwamba nazo zina mabeseni yao.

Abdala alipoelezwa aliketi chini kwenye ngazi. "Na mimi nimemwaga maji juu," alisema. "Wakati yalikuwa yanatoka chini."

Walibomoa saruji ya Erasto. Matone yakakoma, baridi ikarudi, Tulia akapata kikohozi. Kuweka dari ni ndoto ya watu wa mishahara. Kuacha kupika haiwezekani, kwa kuwa magimbi ndiyo yanayoilisha familia. Ikabaki njia moja, na ndiyo iliyowachekesha majirani: Felista anajenga jiko la nje uani, la mianzi, la kuezekwa kwa nyasi.

"Wenzako wanatupa nyasi, wewe unazirudisha!" Atuganile alimtania sokoni.

"Nazirudisha zikae na moto," Felista alimjibu. "Bati nitalala nalo, lakini kupika siwezi kupika nalo."

Shida ni kwamba Ibighi hakupatikana mtu aliyekumbuka kuzifunga nyasi zisivuje. Mafundi wote ni wa bati siku hizi. Wiki iliyopita Felista alipanda Kinyala kuomba mianzi ya mama yake na kujifunza kufunga, na zaidi ya yote kumpelekea habari: bati limenyamaza, mama, njoo kabla mvua hazijaanza.

Bi Tupokigwe alimsikiliza hadi mwisho. Mwandishi, aliyefuatana naye, aliona bibi akitikisa kichwa taratibu, kama anayepanga bei.

"Hilo jiko utalijenga kwa mianzi yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nyasi nitawafundisha kufunga mimi?"

"Wewe, mama. Nani mwingine anajua?"

"Na moto utakaa humo, katikati?"

"Utakaa humo."

"Basi ndaga," alisema bibi. "Nakuja. Nitalala humo jikoni."

"Mama! Mimi nimekujengea nyumba ya bati!"

"Nyumba ya bati lala wewe na mumeo," bibi alijibu, tayari anatafuta kamba ya kumfungia kuku. "Mimi umenijengea jiko, limenitosha."

Sasa Felista yuko uani, jua likiwaka, nguzo nne za mianzi zimeshasimikwa. Mpango wake ni kuezeka kabla ya Novemba, na kumhamisha mama siku nyasi zitakapokamilika. Anapoulizwa kama ameshinda au ameshindwa, anaegemea nguzo.

"Sijui," anasema. "Nilitaka mama yangu atoke kwenye nyasi. Sasa watu watapita hapa waone nyumba inang'aa, na mama mzazi analala jikoni. Watasema nini?"

Hangoji jibu. Anaishika nguzo ya pembeni kwa mikono miwili, anaing'oa, anaisogeza mbele kuelekea kwenye uzio, anaisimika upya ili kitanda kienee.