Mguno wa Dada Mkubwa

Ndugu yangu haoni. Tangu wazazi wetu walipofariki, tukiwa bado wakimbizi Uganda, nimemlea kwa mkono na kwa mguno. Akikaribia mtaro, naguna. Akivaa shati nje ndani, naguna. Kabla sijafungua kinywa, yeye amekwisha kugeuka. Majirani zetu wa mtaa wa Lemon Gaba, hapa Juba, husema kijana yule haongozwi na fimbo yake, anaongozwa na "mh!" ya dada yake.

Ndiyo maana niliposema nakwenda kumwandikia mtihani wa chuo kikuu bila kutoa sauti, wenzangu wa soko la Konyo Konyo walicheka hadi wateja wakauliza kuna nini.

Chuoni kuna mama anayewashughulikia wanafunzi wenye ulemavu. Ndiye aliyempatia ndugu yangu chumba cha peke yake cha mtihani, muda wa ziada, na ruhusa ya kuwa na mwandishi: yeye anasema jibu, mwandishi anaandika. Lakini mwandishi wake wa kwanza naye alianza kusoma biashara kama yeye, na sheria haitaki mtu anayelijua somo.

"Tafuta mtu mwenye mwandiko mzuri ambaye hajasoma somo hili," mama yule akamwambia.

"Ninaye mmoja nyumbani," ndugu yangu akajibu. "Huyo hajasoma somo lolote."

Nami nimesimama pale pale! Kweli niliacha shule ya msingi ili mdogo wangu apate kula, lakini mwandiko wangu unasomeka, na neno gumu la Kiingereza nikitajiwa herufi zake naliandika. Nikaguna.

Mama akaninyooshea kidole. "Hiyo sasa ndiyo hatutaki. Kwa kuwa wewe ni dada yake, msimamizi atakaa karibu nanyi. Utamsomea swali, utaandika anachosema, basi. Ukimwelekeza hata kwa kuguna, mtihani unafutwa, na mwaka mzima anaurudia."

Akatujaribu papo hapo. Kwa nini bei ya vyakula hupanda sokoni?

"Wachuuzi wengine huipandisha kwa tamaa," ndugu yangu akaanza.

Mimi nauza nyanya. "Mh!"

"Yaani, kwa sababu ya barabara mbaya," akajirekebisha haraka.

Mama alicheka mpaka akavua miwani. "Jibu la kwanza lilikuwa na maksi zake. Huyu hajibu swali, anamjibu dada yake."

Nilicheka pia, ila maneno yale niliondoka nayo.

Jirani yangu wa meza, Mganda anayeuza samaki wakavu, akajitolea kunifundisha kunyamaza. "Dada, weka maji kwa mdomo," akasema. "Hii mdomo yako iko kama jenereta, haizimi mpaka mafuta iishe." Nikajaribu asubuhi moja. Mteja wa kwanza akashika nyanya zangu nzuri, akataja bei ya nyanya zilizooza. Nikameza maji yote nikamjibu.

Siku ya mtihani tukaingia watatu: ndugu yangu, mimi, na msimamizi mwenye uso kama kufuli. Mambo yakaenda vizuri hadi nilipofika swali la bei. Lilikuwa karibu lile lile.

"Sababu ya kwanza, barabara mbovu," ndugu yangu akasema. Nikaandika kwa moyo mmoja. "Ya pili, mafuta ya malori." Safi kabisa. "Ya tatu, tamaa ya wachuuzi." Neno lile la tamaa, kwa Kiingereza, akanitajia herufi moja moja, polepole, kama mtu anayenyonya mfupa.

Akageuza sikio kwangu, kichwa kimeinama kidogo, vile anavyosimama ukingoni mwa barabara kungoja nimwambie kama gari linakuja. Nikauma midomo. Mguno ulinipanda hadi kooni, nikaurudisha chini. Sijawahi kumwacha ukingoni mwa barabara. Siku ile nilimwacha.

"Ameandika?" hatimaye akamwuliza msimamizi.

"Ameandika," msimamizi akajibu.

"Basi aendelee." Sauti yake ilikuwa imenyooka. "Mchuuzi anaweza kuficha nyanya zake asubuhi, akidai zimekwisha, ili aziuze ghali jioni." Akaeleza hila zangu zote moja baada ya nyingine, hata ile ya kupanga kubwa juu na ndogo chini, nami nikaziandika zote kwa mwandiko wangu mzuri.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Umenivua nguo mbele ya chuo kizima!"

"Maleesh, dada," akasema, yaani niwie radhi, huku akicheka. "Ulinyamaza mpaka nikadhani umekufa, nikaona angalau niandikishe historia yako."

Alifaulu. Mama wa chuo alipotupa habari hiyo, akaongeza kwamba swali la bei ndilo lililombeba. Yule jirani wa samaki anataka nigawiwe cheti, kwa kuwa somo lile ni maisha yangu.

Lakini kuna jambo moja limeharibika. Siku hizi tukitembea pamoja nikaguna, ndugu yangu hageuki tena upesi. Anapunguza mwendo, ananiuliza kwanza, "Hiyo ni ya gari, au ni ya hasira?"

Ya gari anaitii.