Safu ya Ukutani

Haya niliyaona mchana, nikiwa na udhu, muda mfupi baada ya adhuhuri. Sikuwa usingizini, wala sina sababu ya kukudanganya katika umri huu.

Kazi yangu ni kupanga nyaya katika vyumba vya seva. Kule Njiru walitaka mashine zaidi katika chumba kilekile. Nikachora ramani: nyaya mpya, nyembamba, zipite juu kwenye trei; zile kuukuu zilizojazana chini ya sakafu iliyoinuliwa kwa nguzo, kama matumbo kwenye karai la soko la nyama la Burma, tuzitoe, hewa baridi ipite.

"Ni kama kulaza wageni kwa bedsita ya chumba kimoja, Mzee," alisema Mwende, fundi mwenzangu. Akaingia chini ya sakafu, akatambaa kwa tumbo hadi ukutani. Mimi nikakata waya wa kwanza upande wangu ili yeye auvute.

Nilipoinua kichwa, palikuwa na mwanamume wa ovaroli ya kahawia. Nikamtolea salamu. Hakuitikia.

"Ndevu nyeupe, na hujui kupiga hodi," aliniambia. "Kila mashine umeipangia mahali. Mimi umenipangia wapi? Na huyo wako yuko chumbani kwangu."

Ndipo nilipotazama miguu yake. Alisimama pale nilipokuwa nimeng'oa vigae vya sakafu. Chini ya nyayo zake palikuwa shimo tupu.

"Mzee, wacha kuvuta," Mwende aliita kutoka chini. "Waya umenishika mguu."

Nani alikuwa anavuta? Ncha niliyoikata ililala mbele ya kiatu changu, haitikisiki. Niamini. Nikasikia magoti ya Mwende yakigonga nguzo za sakafu, akiburutwa. Nikaanza Ayatul Kursi, nikakwama, mimi niliyeisoma tangu utotoni.

"Andika," akasema yule.

Nikachukua kalamu, kwenye ramani nikaizungushia duara safu ya ukutani, pale Mwende alipokuwa, nikaandika: isiguswe. Waya ukalegea. Nilipomtoa Mwende, hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Alhamdulillahi, yu hai. Alama ya waya haijafutika kwenye kifundo chake. Nami huomba msamaha kila alfajiri, maana nilipatana na asiyeitikia salamu. Sasa amekuja mpangaji mpya wa nyaya, anasema safu ile ni nafasi inayopotea bure, ataijaza. Nimemweleza. Amecheka.

Nawe, ukitumwa kupanga mahali, usidhani palipo wazi hapana mwenyewe. Piga hodi kwanza. Usipojibiwa, mshukuru Mungu.