Koti la Fundi Pazia

Fundi kufuli huyu watu walimbandika jina la Pazia, nalo likamganda. Kibanda chake kina pazia zito la bluu. Mteja akileta ufunguo wa kuchonga, fundi huupokea kwa tabasamu, huingia nao nyuma ya pazia, tupa ikasikika ikikereza, kisha hutoka na ufunguo mpya. "Ana dawa yake huko," wateja walinong'ona. Dawa gani! Bwana mkubwa alikuwa wa shoto, basi. Marehemu mama yake aliuchapa mkono ule kwa mwiko mpaka mwana akajifunza kuuficha, na sasa ana mvi kichwa kizima, bado anauficha.

Uzeeni akashikwa na wazimu wa vitara, mchezo ule wa kudungana kwa vyuma vyembamba. Mbele za watu alishika chuma kwa mkono wa kulia, na kila mtu alimdunga, hata mwalimu wa hesabu asiyeona vizuri. Pointi hakuwahi kupata. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya wanachama wa klabu yao, naye aliitaka pointi moja tu, aliitaka mpaka usingizi unampaa. Kocha akamwambia aje na mavazi yake, maana koti la klabu lilishindana na tumbo lake likapasuka.

Basi huyo dukani, mkewe kando.

"Kofia hii, mzee, wavu wake hata msumari haupiti," alisema muuza duka.

Pazia akaivaa. Mkewe akamzunguka, akamkagua. "Umependeza," akasema. "Uso hauonekani."

"Glavu ni moja, ya mkono unaoshika chuma," muuzaji akaendelea. "Na koti, zipu yake inakaa upande wa pili, chuma cha mwenzako kisipate mwanya. Sasa, unatumia mkono gani?"

"Wa kulia!" Alijibu haraka kama anayeuona mwiko.

Akapewa koti, glavu na chuma cha kujaribia, akaingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nacho, kwa bahati yake, kilikuwa na pazia. Mara pazia likaanza kutikisika, "Ha!" ikasikika, na chuma kikachomoka penye upenyo kikaligusa sanamu la kuonyeshea nguo kifuani, katikati kabisa.

"Mzee ana shabaha!" muuzaji akashangaa.

Mkewe akalifunua pazia. Mumewe alikuwa amesimama na koti la watu wa kulia, zipu imemwelekea adui, chuma mkono wa kushoto. Upesi akaupeleka mgongoni, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Mume wangu," mkewe akasema, na safari hii hakuwa na utani, "mama hayupo hapa."

Pazia aliona haya. Halafu akaona amechoka kuona haya.

"Nipe ya kushoto," akamwambia muuzaji.

"Ungesema mapema! Wa shoto ndio wanaoogopwa. Mpinzani hajui chuma kitatokea wapi."

"Hata mimi nilikuwa sijui."

Jumamosi alidungwa sana, tusidanganyane. Lakini alipokutana na mwalimu wa hesabu, mkono wa kushoto ulinyooka wenyewe, na mwamuzi akampa pointi. Kocha akaanza kufoka, kwa sababu mchezo ulikuwa bado haujaisha na Pazia alikuwa ameshavua kofia ya wavu, amegeukia walikokaa watazamaji, ili mkewe auone uso.